UZI: Mgongo wa farasi hujengwa na tumbo, si kwa kuvuta hatamu (Arusha, Moshi na jirani, karibuni)

#1 HatamuNyepesi

Wakuu, habari za humu.

Kuanzia Kisongo, Usa River mpaka West Kilimanjaro swali ni lilelile: "Farasi amekonda juu ya shingo, ana mashimo mawili nyuma ya nundu, tumbo limening'inia, mgongo umebonyea. Nimfunge nini ainamishe kichwa?"

Usimfunge kitu. Sababu nazieleza hapa, na wajuzi wa lishe, kwato na tiba mtaongezea.

Tuanze na maneno tusije tukapishana. Nikisema mstari wa juu namaanisha misuli yote kuanzia utosini, juu ya shingo, nundu (pale mabega yanapokutana, mbele ya tandiko), mgongo, kiuno, mpaka mzizi wa mkia. Kujibeba ni farasi kushikilia umbo lake na kasi yake mwenyewe, bila kuegemea mkono wako na bila kukimbia ukimwachia. Mwendo ni kutembea, troti (kukimbia taratibu) na kanta (mbio nyepesi). Najua kamusi ina neno "matiti" kwa ajili ya troti. Lipeleke bandani uone kama saisi (mtunza farasi) atafanya kazi au atacheka mpaka jioni.

Sasa mwili. Farasi hana mtulinga. Kifua chake kimening'inizwa katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tu, kama mgonjwa kwenye machela. Misuli hiyo ikilegea kifua kinashuka, nundu inazama, shingo inapanda juu kutafuta mizani. Nyuma ya hapo uti wa mgongo (pingili 18 za kifua na 6 za kiuno) umekaa kama daraja. Misuli mirefu iliyo juu ya daraja, ile unayoipapasa pembeni mwa uti, ikijikaza pande zote mbili kwa pamoja hulibonyeza daraja chini. Kinachoinua mgongo kiko chini: misuli ya tumbo, na ile ya ndani ya kiuno inayouvuta mguu wa nyuma uje chini ya mwili. Kuna pia kano nene la shingo, linatoka kwenye fuvu hadi miiba ya nundu. Shingo ikinyooka mbele na kushuka, kano hilo huivuta miiba mbele na mgongo huinuka. Lakini ukiikunja shingo kwa mkono umepata mkunjo tu. Mguu wa nyuma haujaambiwa chochote.

Ndiyo maana farasi aliyefungwa kichwa miezi mitatu anatoka na shingo nene upande wa koo na kiuno kikavu. Misuli hukua pale inapofanya kazi, na kazi aliyopewa ilikuwa kusukumana na chuma.

Mpangilio wangu: lishe na afya, tandiko, kazi ya chini bila kupandwa wiki 4 hadi 6, halafu ndipo umpande. Shingo inakuja mwisho, yenyewe.

#2 Chalii_wa_Kijenge

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 MamaLusini

Niingie kwenye lishe, maana huku ndiko watu wanakosea halafu wanamlaumu mpandaji.

Farasi wa kilo 450 mwenye kazi ya wastani anahitaji takribani gramu 690 za protini kwa siku, na ndani yake gramu 30 hivi za laisini. Laisini ndiyo kiungo cha protini kinachokwamisha misuli kikipungua, hata kama protini nyingine zimejaa. Sasa piga hesabu. Nyasi kavu za rodesi zilizokatwa zikiwa zimeshakomaa na kutoa mbegu zina protini asilimia 6 au 7. Kilo 8 za nyasi hizo zinakupa gramu 500 na kitu. Hapo hujafika, na laisini ndiyo iko chini zaidi. Mtu anaona farasi kakonda, anaongeza pumba za mahindi. Pumba zinaleta nguvu na mafuta, mgongo unabaki vilevile, ila mbavu zinafunikwa na tumbo linakuwa kubwa. Mwenye farasi anafurahi eti kanenepa!

Cha kufanya: ondoa kilo 2 za nyasi, weka kilo 2 za lusini kavu (alfalfa, protini asilimia 17 au 18 ikikatwa kabla haijachanua sana). Ongeza gramu 400 za mashudu ya soya au gramu 500 za soya iliyokaangwa vizuri. Hapo peke yake umepata laisini gramu 11 au 12. Soya mbichi hapana, ina kizuizi kinachoharibu usagaji wa protini. Mashudu ya alizeti ni rahisi na yamejaa madukani, ila laisini yake ni ndogo, usiyategemee peke yake. Anza kidogo, panda taratibu kwa siku 10.

Kuhusu pumba: pumba za mahindi na za ngano zina fosforasi nyingi mno kuliko kalisi. Farasi anayelishwa pumba kwa wingi ananyonya kalisi kwenye mifupa yake, uso unavimba, anachechemea huku na kule bila kidonda. Kalisi inatakiwa iizidi fosforasi, kama moja na nusu kwa moja. Mkilisha pumba, wekeni chokaa ya mifugo gramu 30 hadi 50 kwa siku. Chokaa, si DCP (dikalsiamu fosfeti), kwa sababu DCP inaongeza na fosforasi ileile mnayoikimbia.

Na kwa herufi kubwa: USIMPE FARASI CHAKULA CHA KUKU. Baadhi kimechanganywa dawa ya koksidi aina ya monensini. Kuku hana shida nayo, farasi inamuua moyo kwa kiasi kidogo sana. Mahindi yenye ukungu nayo ni kifo, yanaozesha ubongo wa farasi. Gunia likinuka uvundo usiseme "nitalianika".

#4 HatamuNyepesi

Ahsante Mama. Haya, kazi ya chini.

Ya kwanza ni karoti. Kata karoti kwa urefu, si vipande vya mviringo vinavyoweza kumkaba. Farasi amesimama sawa kwa miguu minne kwenye sakafu isiyoteleza. Mvute kwa karoti: kidevu kifuani, kidevu katikati ya magoti, kidevu chini kati ya vifundo vya miguu ya mbele. Halafu upande: kidevu kwenye mshipi wa tumbo, kwenye nyonga, kwenye mguu wa nyuma. Kila mkao sekunde 5, mara 5, siku 5 kwa wiki. Hili limepimwa kwa altrasaundi: ndani ya miezi 3 misuli midogo inayoshika pingili moja kwa moja iliongezeka unene, farasi hata hawakupandwa. Kosa kubwa ni haraka. Ukimpa karoti akipitia tu, amejifunza kunyakua. Ashikilie, misuli itetemeke kidogo, ndipo ale.

Ya pili, inua kifua. Simama pembeni ya mguu wa mbele, usipige magoti chini yake. Ncha za vidole katikati ya mfupa wa kifua, nyuma tu ya mshipi wa tumbo unapopita. Bonyeza juu pole pole. Utaona nundu inapanda sentimita moja au mbili. Sekunde 5, mara 3 hadi 5. Akipiga mkia au kugeuka kung'ata, acha, kuna maumivu ya tumbo au mgongo, nenda kwa daktari.

Ya tatu, rudi nyuma hatua 4 hadi 6, kichwa chini, miguu ikienda mshazari mmoja mmoja. Akiburuza kwato au kuinua kichwa, punguza hatua. Tatu safi zinatosha.

Ya nne, nguzo za kulaza chini apite juu yake. Mti wa mkaratusi urefu wa mita 3, unene wa sentimita 10. Kwa kutembea weka nafasi ya sentimita 80 hadi 90, kwa troti mita 1.2 hadi 1.4 kulingana na ukubwa wa farasi, kanta karibu mita 3. Anza na nguzo moja, kisha tatu, mwisho sita. Usianze na mbili, wengi huzidhania kizuizi cha kuruka. Wiki ya tatu inua ncha moja moja kwa kupishana juu ya kipande cha tairi, sentimita 15 hadi 20. Mabomba ya plastiki acheni: akilikanyaga linaviringika, na likipasuka linachana mguu.

Ya tano, kuzungusha kwa kamba. Tumia kavesoni (mkanda wa kichwa wenye pete juu ya pua), kamba ifungwe hapo juu ya pua, si kwenye chuma cha mdomoni. Duara lisipungue mita 18. Dakika 15 hadi 20 zote kwa pamoja, badilisha upande kila dakika 3 au 4. Duara dogo la mita 8 linalozungushwa nusu saa ni kusaga viungo tu.

Na mteremko. Huku tumejaliwa, kila njia ya shambani inapanda au inashuka. Dakika 10 za kupanda kwa kutembea, shingo huru. Wengi wanaisifia kupanda, mimi naipenda zaidi kushuka: taratibu, mwili umenyooka, hatua moja moja. Akishuka hivyo kiuno kinakunja, tumbo linashika, kifua kinajizuia kuanguka. Akishuka upande upande kama kaa, kasi imemzidi nguvu. Simamisha, anza upya. Masika zoezi hili hakuna, udongo mweusi ukilowa ni sabuni.

#5 GongaMpira

Mkuu maneno mazuri, ila wengi wa farasi tunaopata hapa wametoka kwenye mchezo wa polo. Mdomo mgumu. Ukimpa hatamu nyepesi anaondoka na wewe mpaka Maji ya Chai. Kamba ya kuvutia kichwa, ile inayopita kwenye pete ya lijamu na kurudi mkononi, wiki mbili tu anashika adabu na shingo inakunja vizuri. Kwa nini tuteseke miezi mitatu?

#6 HatamuNyepesi

GongaMpira, swali la haki. Ila mdomo haugumu. Chuma kinakaa pale pasipo na meno, fizi nyembamba juu ya ukingo mwembamba wa mfupa. Fizi ile haioti sugu kama kiganja cha mkulima. Kilichogumuka ni jibu la farasi: amejifunza kwamba kuvutwa hakuishi, kwa hiyo anavuta na yeye.

Kamba ya kuvuta inafanya kazi kama kapi, inazidisha nguvu ya mkono wako. Farasi akiona hawezi kushinda anajikunja nyuma ya chuma. Tazama picha yake ya pembeni: sehemu ya juu kabisa ya shingo si utosi tena, ni katikati ya shingo, karibu na pingili ya tatu. Shingo imevunjika hapo. Pua iko nyuma ya mstari wa wima, mguu wa nyuma umeachwa nje, mgongo haujainuka. Hiyo "kunja vizuri" ni picha ya mbele tu. Kanuni za dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi kwa umbo na mwendo) za shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, zinataka utosi uwe juu kabisa na pua mbele kidogo ya wima, na mwaka 2010 shirikisho hilohilo lilitamka kwamba kukunja shingo ya farasi kwa kutumia nguvu hakukubaliki.

Farasi wa polo ana lake. Amevaa mkanda wa kuzuia kichwa, wa kutoka puani hadi kifuani, miaka kadhaa. Ameuegemea kwa kusukuma juu, ndiyo maana misuli ya chini ya shingo imejaa. Lijamu lake pia lilikuwa kali. Wa hivyo usimpeleke njiani wiki ya kwanza. Mwingize uwanjani penye uzio, lijamu la kawaida lenye kiungo kimoja au viwili, mkanda wa pua uingize vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Anza kwa kutembea. Omba kusimama kwa mwili: toa pumzi, kaa mzito, funga mapaja, vidole vifunge hatamu na visivute. Hajasimama? Mwelekeze uzioni, uzio umsimamishe. Mara 20 kwa somo, na akisimama tu mkono uachie sekunde ileile. Kuachia ndiyo malipo yake. Ukichelewa sekunde tatu umemlipa kwa jambo jingine.

Akishasimama kwa pumzi, nenda troti hatua 10, kutembea hatua 5, troti 10. Kasi inakufa yenyewe kwa mabadiliko mengi, bila mkono. Wiki mbili zako zitapita huku hujaharibu kitu.

#7 Tengeru_Farasi

Swali: huu "mguso mwepesi" ni uzito gani? Mwalimu mmoja anasema shika kama yai, mwingine anasema hatamu ilegee kabisa.

#8 HatamuNyepesi

Hatamu iliyolegea ikibembea si mguso. Inapokaza ghafla inampiga mdomoni kila hatua, na farasi anajifunza kuogopa mkono. Mguso mwepesi ni hatamu iliyonyooka bila kuvutwa, kutoka kiwiko mpaka mdomoni mstari mmoja. Mkono ndio unaomfuata. Akitembea kichwa kinapiga mbele na nyuma kila hatua, kiwiko kifunguke na kujikunja naye. Troti kichwa kimetulia, lakini wewe unapanda na kushuka kwenye vikuku, kwa hiyo kiwiko kifunguke ukipanda, la sivyo mkono unapanda na wewe na kumgonga. Kanta kichwa kinarudi kutikisika, fuata tena.

Kipimo ni uzi wa kushonea. Funga hatamu kwenye pete za lijamu kwa uzi wa cherehani, mzunguko mmoja kila upande. Hatamu za pili, za usalama, zifunge kwenye halta (mkanda wa kichwa usio na chuma) iliyovaliwa chini na uziache juu ya shingo. Uwanja wenye uzio, farasi mtulivu. Tembea, geuka, simama, troti. Kisha soma uzi ulipokatika. Umekatika wa ndani ukiwa kwenye kona: unageuza kwa mkono, si kwa mguu na macho. Umekatika ukitoka troti kuingia kutembea: unavuta kusimamisha. Imekatika yote miwili ukianza kanta: unajishikilia hatamu usidondoke, fanya kazi kwanza kwenye makalio yako. Haikatiki somo zima lakini farasi anakimbia kimbia: umemtupa, hujamgusa.

Kwa upande wa farasi, kipimo ni kumwachia. Katikati ya troti sukuma mikono yote miwili mbele juu ya shingo, hatua 3 au 4, urudishe. Anayejibeba habadilishi kasi wala umbo. Akiongeza kasi alikuwa anategemea mkono umzuie. Akidondosha kichwa alikuwa ameegemea. Akinyanyua pua juu alikuwa ameminywa.

#9 DadaWaSanya

Kaka Hatamu, nakubaliana na mengi, lakini hili la "mbele na chini" linatumika vibaya sana huku kwetu. Watu wanaachia hatamu zote, farasi anakokota pua vumbini dakika 40, wanasema anajenga mgongo. Uzito wa farasi kwa kawaida karibu asilimia 60 uko mbele. Ukimshusha kichwa bila mguu wa nyuma kuingia, umeongeza mzigo mabegani. Mimi nasema bora asishuke kabisa mpaka ajue kubeba nyuma.

#10 HatamuNyepesi

Dada, nusu ya kwanza nakupa yote. Kushusha kichwa si zoezi, ni jibu. Mpandaji anafungua vidole na farasi mwenyewe anafuata chuma mbele kisha chini, pua ikiwa mbele ya wima, mdomo ukifika usawa wa ncha ya bega, si vumbini. Kanyagio la mguu wa nyuma lifikie au lipite la mbele akiwa anatembea. Likipungua, hiyo si kunyoosha mgongo, ni kudondoka. Na si dakika 40: sekunde 30 hadi dakika moja, kisha umrudishe juu kwa mguu, dakika tatu za kazi, umwachie tena.

Nusu ya pili sikubali. Farasi mwenye mgongo uliobonyea hana jinsi ya kujua kubeba nyuma kabla mgongo haujalegea. Akikusanywa (kufupishwa mwili na hatua abebe nyuma) amekaza utapata hatua fupi za juu juu, troti nzuri ya picha na misuli ya kiuno iliyo ngumu kama ubao.

#11 DadaWaSanya

Sekunde 30 hadi dakika moja nakubali. Hicho cha ubao tutabishana siku nyingine. Niongeze bega ndani, maana hakuna zoezi linalozidi hilo kwa kulegeza na kubeba kwa wakati mmoja. Tembea sambamba na uzio, lete mabega ndani mpaka miguu iache njia tatu: ya nyuma nje, ya nyuma ndani pamoja na ya mbele nje, ya mbele ndani. Pembe ni kama digrii 30. Mguu wako wa ndani kwenye mshipi, hatamu ya nje ndiyo inayoshikilia bega, ya ndani nyepesi kiasi cha kuweza kuiachia. Hatua 6 zinatosha mwanzoni, kisha nyoosha uende mbele. Kosa la kila mtu: shingo imekunjwa ndani, mabega hayajasogea. Ukiona jicho na pua yote ya farasi, umekunja shingo. Kope tu inatosha.

#12 DaktariWaKwato4

Fupi. Mgongo ukiisha ghafla, au usipojaa baada ya miezi 3 ya lishe na kazi sahihi, acha mazoezi, chunguza.

Kupe: homa ya kupe ya farasi inaweza kukaa kimya, fizi zikapauka au kuwa njano, misuli ikaisha. Pima damu. Minyoo: pima mayai kwenye kinyesi kabla ya kumwaga dawa. Meno: kingo kali zinamfanya akatae chuma nanyi mkasema mkaidi, kila miezi 6 hadi 12. Miiba ya mgongo kugusana: huwa chini ya tandiko, anachukia kufungwa mshipi, kanta inavunjika nyuma, inahitaji eksirei. Mzee wa miaka 15 na zaidi mwenye manyoya marefu yasiyodondoka na mgongo unaoshuka: tezi ya ubongo, si uvivu.

Na jioni za mvua afungiwe ndani kabla jua halijazama. Visubi waletao ugonjwa wa farasi wa Afrika wanang'ata jioni mpaka alfajiri. Farasi aliyekufa hana mstari wa juu.

#13 BwanaRasipu

Daktari kamaliza, mimi nigusie kwato. Ncha ndefu na visigino vya chini kwenye miguu ya nyuma vinachelewesha kwato kuondoka ardhini, na maumivu yanapanda hadi makalio na kiuno. Mnabonyeza kiuno farasi anazama, mnadhani tandiko. Kila wiki 5 hadi 6 kwato zikatwe, kiangazi usivuke kwa sababu "hazijakua", zimekatikatika tu.

Tandiko nalo. Mashimo mawili nyuma ya nundu mara nyingi ni tandiko jembamba limebana pale. Weka tandiko bila blanketi: vidole viwili hadi vitatu vipite juu ya nundu, kiganja kipite chini ya ukingo wa mbele bila kubanwa, na nyuma lisivuke ubavu wa mwisho. Kubwa kuliko yote: mgongo ukijaa, tandiko lililokuwa sawa Januari linabana Machi. Kagua kila wiki 6 hadi 8, la sivyo mnajenga huku mnabomoa.

#14 Momela2

Za safari je? Farasi wanaobeba wageni saa nne, tano kwa siku, kila mgeni na mkono wake. Haya ya uwanjani wanayapata saa ngapi?

#15 HatamuNyepesi

Hao ndio wanaohitaji zaidi, na ndio wenye muda mdogo. Kwanza mzigo: mgeni, tandiko na mikoba ya pembeni visizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kilo 450 ni kilo 90 vyote. Tandiko zito la safari linafika kilo 10 na zaidi kabla mgeni hajapanda, fanyeni hesabu kwa uaminifu. Kila saa moja wageni washuke dakika 10, waongoze kwa miguu, hasa kwenye mteremko mkali. Wageni wanaipenda, wanapiga picha.

Kwa wiki: siku mbili zisizo na wageni, moja awe huru malishoni kabisa, nyingine apate dakika 25 asubuhi kabla ya joto. Kutembea dakika 10, nguzo dakika 6, mabadiliko ya troti na kutembea dakika 6, akitembea amelegea dakika 3. Basi. Karoti na kuinua kifua saisi anafanya kila siku wakati wa kupiga brashi, haziongezi hata robo saa. Na siku ya wageni farasi wa mbele apandwe na kiongozi mwenye mkono mwepesi, awazungushe zamu asiwe yuleyule. Hiyo ni kama shule kidogo kila siku.

#16 Chalii_wa_Kijenge

Tutajuaje kama mgongo unakua kweli au ni macho yetu? Kila mtu anaona farasi wake kapendeza.

#17 BwanaRasipu

Chukua waya laini wa umeme wa nyumba, ule mnene wa milimita mraba 2.5, kipande cha sentimita 80. Farasi amesimama sawa. Ulaze mgongoni kukatisha, nyuma tu ya bega, ufinyange ushike umbo. Uinue bila kuupinda, ulaze kwenye boksi lililofunguliwa, chora kwa kalamu, andika tarehe. Rudia katikati ya mgongo na kwenye ubavu wa mwisho. Kila wiki 4 chora kwa rangi nyingine juu ya ileile. Mstari wa nyuma ya bega ndio unaofunguka mwanzo, kama herufi V inavyogeuka U. Boksi moja linatosha mwaka. Upande mmoja ukifunguka na mwingine ukibaki, farasi au mpandaji amepinda, na mara nyingi ni mpandaji.

#18 HatamuNyepesi

Hiyo nzuri. Pamoja na picha ya pembeni kila wiki mbili, mahali palepale, muda uleule wa siku, kivuli kinadanganya sana. Mabadiliko madogo wiki ya 6 hadi 8, ya kuonekana na mgeni miezi 3 hadi 6. Ikija wiki ya pili, ni mafuta.

#19 GongaMpira

Sawa wakuu, nimeelewa, kamba nimeitundika. Nimebaki na swali moja tu: huo uzi wa kufungia hatamu, wa nailoni unafaa? Hapa fundi anao huo.

#20 HatamuNyepesi

Pamba, mkuu. Nailoni haikatiki, itakachokata ni kona za mdomo wa farasi.